Alama Zilizoelekea Hull

Hull, Septemba 1945

Kaka Wilfred,

Mawaridi ya Mama yamechanua bila yeye. Vita vimekwisha, kwa hiyo kiapo changu cha siri nakivunja kwako tu: sikuwa mchapaji wa barua ofisini, kama nilivyowaambia nyote. Nilikuwa mtazamaji wa rada, na mchana ule Mama alipouawa na mabomu niliona alama za ndege kwenye kioo zikielekea nyumbani kwetu. Simu niliyoshika ilikuwa ya kuwasomea makao makuu namba za mahali ndege zilipo tu, si ya kumwonya Mama.

"Bwana, Mama yangu yuko huko."

"Endelea kusoma, Edith," afande alisema taratibu.

Nikasoma hadi mwisho. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo linanishtua mpaka leo.

Mazikoni kwa Mama, shangazi aliniambia, "Wewe wa ofisini, vita utavijulia wapi?"

Nikamjibu, "Kweli, shangazi."

Mdogo wako,
Edith