Kesho Nasimama Chini ya Boriti Zako

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika tu, najua marahaba haitakuja.

Tangu tukuzike hapa Kisarawe, mambo yamekwenda mbio kuliko nilivyotaka. Boriti zako za zege zimeshapachikwa juu ya kile kijito cha njia ya Magindu, ulimi wa moja ndani ya mfereji wa mwenzake, bila bolti hata moja, kama ulivyokuwa ukinichorea mchangani kwa kijiti. Bwana injinia anazizunguka huku akicheka peke yake. Anasema hajaona popote boriti zikifungana namna ile, na anakuombea hati ya serikali, ile inayomzuia mtu mwingine kuuiga uvumbuzi wako na kuuita wake. Itaandikwa jina lako. Ila kwanza maofisa wa Dar es Salaam walione lori la kokoto likivuka. Ni kesho.

Naogopa, Mjomba.

Desturi uliiweka mwenyewe. Gari la kwanza likipita darajani, wewe uko chini, suruali umeikunja, maji magotini, unatafuna muhogo mbichi kana kwamba uko shambani. "Aliyemwaga zege asitangulize watoto wa wenzake," ulikuwa ukisema. Sasa watu wa Mlandizi wananiuliza kama nitasimama. Injinia amekataza, anasema ni ushamba. Lakini nisiposimama, hakuna atakayepitisha pale hata mbuzi.

Boriti za pembeni ni zako. Ya katikati niliimwaga mimi, wiki ile ile uliyofariki. Niliifunika magunia mabichi kama ulivyonifunza. Kila nikiigonga kwa nyundo inalia vizuri, na kila nikilala naisikia ikipasuka. Ikivunjika, hati imekufa, na jina lako litabaki mzaha wa vijiweni. Na nisikudanganye, kufa kwenyewe pia kunanitisha. Sijaoa bado.

Mama hajui. Dada yako huyo amenifulia kanzu na kuipiga pasi, akidhani naitwa kwenda kupongezwa. Nimeshindwa kumwambia kwamba nguo ya kesho ni ya kulowa.

Basi kwaheri, Mjomba. Nakuahidi nitakuwa chini, na kiganja changu kitakuwa kwenye boriti ile niliyoimwaga mimi, si kwenye zako. Lori likivuka salama, Ijumaa nitakuja kaburini na kipande cha muhogo. Lisipovuka, shikamoo yangu nitakuletea mwenyewe, na safari hii utaiitikia.

Mpwa wako,
Salumu