Kilomita Mia Sita na Arobaini kwa Mashine ya Gololi

3 Machi

Mdogo wangu,

"Mtu mwenye akili timamu haendeshi gari kilomita mia sita na arobaini kufuata meza ya kuchezea gololi." Hayo ni maneno yako, ukurasa wa pili, na umeyapigia mstari. Salamu zako nimezipata, mimi ni mzima, natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sasa tuje kwenye upuuzi wako.

Watu husafiri mara mbili ya hapo kwenda kutazama wanaume ishirini na wawili wakigombea mpira mmoja. Wakirudi wamefungwa mabao matatu, hakuna anayewapima akili. Wewe mwenyewe ulisafiri siku nzima kwenda harusi ya bwana usiyemsalimia hata leo. Mimi nikifuata kitu ninachokipenda, ndipo akili yangu inakuwa suala la ukoo.

Na hiyo unayoiita meza, iangalie vizuri. Imeinama, ina kioo juu, springi inarusha gololi ya chuma hadi kileleni, nayo inashuka ikigonga kengele na taa, na wewe una vibao viwili tu vya kuizuia isitumbukie shimoni. Haina hila. Gololi inaanguka kwa uzito wake. Ukishindwa umeshindwa mwenyewe, na usitafute wa kumlaumu. Nimeandikia magazeti miaka ishirini na sijaona ukurasa wenye uaminifu huo.

Zilikuwa kwenye kila kantini na kila hoteli ya barabarani. Leo wanazipasua, mbao zinakuwa mabanda ya kuku na waya zinauzwa kwa kilo. Nimeokoa kumi na moja, zimejaa gereji yangu. Ya kumi na mbili iko saluni, mwenyewe anataka nafasi ya viti vya wateja. Naondoka Alhamisi tarehe 15.

Lalamiko langu ni moja tu, balbu. Mwaka huu nimebadilisha balbu za mashine zote mara mbili. Unaziweka leo, wiki ijayo zinatoa mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Nimewaandikia makala kali wenye viwanda vya balbu. Wamenyamaza, maana yake wamekubali.

Dada yako

8 Machi

Shikamoo dada,

Sisi wazima, wifi yako anakusalimu, na kaka mkubwa anasema niache kukuchokoza. Naendelea kukuchokoza.

Sina ugomvi na gololi. Naandika kwa sababu kwenye simu unapaza sauti hadi wanafunzi wangu wanakanyaga breki bila kuambiwa, na hili nataka ulisome hadi mwisho.

Nimefundisha udereva miaka kumi na tisa. Namjua mtu anayeendesha kwa macho na anayeendesha kwa kukumbuka. Ulipokuja kwetu mwezi wa kwanza uligonga nguzo ya lango, ukasema nguzo imesogea. Dada, ile nguzo ilimwagiwa zege mwaka niliooa. Jioni ulimimina chai pembeni ya kikombe ukaendelea kuhutubia. Halafu ukalisalimia koti la mke wangu mlangoni, ukaliuliza habari za kazi.

Tulicheka. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Lakini walipolala wote nilibaki peke yangu na sikucheka tena.

Mama alianza hivyohivyo. Vikombe kwanza, halafu ngazi. Alipokubali kwenda, daktari alikuwa amebaki na kazi moja tu, kutoa pole. Presha ya macho hutembea kwenye damu ya ukoo, tuliambiwa sote siku ile. Kapimwe kwanza, mashine ufuate baadaye. Ina miguu minne lakini haitakimbia.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Ni mzima, asante.

Umeleta ushahidi wa vitu vitatu. Nguzo mliijenga njiani. Koti lilikuwa na adabu kuliko wageni wenu wengi. Kuhusu chai sina la kusema.

Mama usimlete kwenye ubishi huu. Mama alikuwa na ugonjwa wake, mimi nina balbu mbovu. Nimeshapakia mablanketi manne, kamba, na bisibisi zangu zote. Alhamisi iko palepale.

Dada yako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Nimerudi salama na mashine imefika nzima, kioo chake hakina hata mkwaruzo. Barabara ilikuwa nzuri. Nimechoka kidogo.

Dada yako

25 Machi

Shikamoo dada,

Natumaini uchovu umeisha. Hapa hatujambo.

Nimekujua miaka arobaini na saba na hujawahi kuniandikia mistari minne. Ulipong'olewa meno mawili uliniandikia kurasa sita dhidi ya taaluma nzima ya meno. Sasa umeendesha zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili, umeleta mashine ya kumi na mbili, na hujamtukana mtu hata mmoja njiani.

Halafu nikampigia jirani yako, fundi viatu. Ni mimi nimempigia, usimgombeze. Ameniambia pikapu yako iliingia, akashuka mlango wa dereva mzee mmoja mnene mwenye kofia, na wewe ukashuka upande wa abiria umenyamaza. Anasema alidhani umeolewa.

Ni nani yule? Kulitokea nini? Uliumia? Uliumiza mtu? Niambie hata kama ni baya.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mwili mzima. Hakuna aliyeumia, na sijaolewa. Mwambie fundi viatu ashone viatu.

Nitakueleza kama kilivyotokea, na ukicheka nitajua.

Nilifika saluni Ijumaa saa nne asubuhi. Mwenyewe ni mama wa makamo, mcheshi. Ana viti vitatu, mashine za kukaushia mbili, na ile ya gololi imebanwa kati ya sinki na dirisha kwa ajili ya waume wanaosubiri wake zao. Tukaiwasha. Unanijua, sinunui kitu kabla sijakitia aibu. Nikapiga gololi tatu, nikamwambia, "Mama, mashine ni nzuri, ila balbu zako zimekufa. Huu si mwanga, haya ni maji ya kuoshea vyombo."

Akanitazama. "Balbu zipi, dada?"

"Zote. Angalia zilivyofifia. Na kila moja ina ukungu kuizunguka."

"Nimeweka mpya juzi, zote, kwa sababu yako. Mimi mwenyewe nikiikaribia nafumba jicho moja."

Nikamwambia kwamba nimeandika makala juu ya balbu na simu za pongezi nilizopata ni nyingi. Basi akamgeukia mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia. "Eti mama, taa hizi zimefifia?"

Yule hakuinua hata kichwa. "Tangu nimekaa hapa zinanichoma macho. Nilitaka kuomba uzime nikaona haya."

Akamwita msusi. Msusi akasema zinawaka kama sokoni siku ya mnada. Akamwita mumewe kutoka nje, dereva wa lori mstaafu. Akachungulia na kusema, "Kwani kuna tatizo gani?"

Watu wanne, mdogo wangu. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kunidanganya, maana bei tulishakubaliana.

Nikakaa kwenye kiti cha kusukia. Nikahesabu. Mashine kumi na moja, balbu mpya mara mbili, na kila mara nilingoja mwanga urudi na haukurudi, nikawashambulia wenye viwanda gazetini kwa jina langu kamili. Mtu aliyesoma vitabu nilivyosoma, haikunijia hata siku moja kwamba balbu ni nzima.

Mwenye saluni akafikiri nimepatwa na kizunguzungu, akanipa maji. Nikamwuliza mumewe kama anaweza kuniendeshea hadi nyumbani nimlipie basi la kurudi. Hakuuliza kwa nini. Alifungua mashine mwenyewe kwa maelekezo yangu: tukatoa gololi kwanza, kichwa chake, lile sanduku la taa la nyuma, tukakilaza juu ya kioo na blanketi katikati, miguu tukaifungua mwisho. Njia nzima alilalamikia gia zangu. Nilimwacha alalamike. Nilikuwa natazama vibao vya barabarani, na vyote nilivyodhani nimevisoma wakati wa kwenda, sikuweza kukisoma hata kimoja. Nilikuwa nimefika kwa kukumbuka barabara ya safari zangu za zamani, kama ulivyosema. Mbele ya shule mbili, mdogo wangu. Mbele ya soko.

Nilimkumbuka Mama akicheza mashine ya kantini alipokuwa haoni tena. Alicheza kwa masikio, akitushinda sote wawili, tukimcheka kwa furaha. Hatukumwuliza kama na yeye alikuwa anacheka.

Funguo za pikapu nimempa fundi viatu. Kupimwa sijaenda. Wewe unafikiri ni ubishi. Nimebishana na mawaziri wawili na askofu mmoja na sikutetemeka. Safari hii naogopa. Nikienda nitaambiwa, na nikishaambiwa sitakuwa na pa kubishia.

Dada yako

6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sikucheka.

Asante kwa kumpa fundi viatu funguo. Nimekaa ndani ya gari la shule, injini imezimwa, nimesoma barua yako mara mbili, na mwanafunzi wangu anazunguka nje akidhani amefeli.

Nina wanafunzi wanaofanya mtihani tarehe 27. Nitakuja siku inayofuata, Jumamosi, nikupeleke mwenyewe. Utakaa upande wa abiria na utabishana na mimi njia nzima. Likiwa ni la Mama tutalijua mapema kuliko alivyolijua yeye, na kulijua mapema ni kitu kikubwa. Wakisema huoni tena, chumba cha nyuma ni chako na mashine zako nitazijengea banda. Mke wangu ameshakubali, japo ameuliza kama ni lazima zote kumi na mbili.

Ninachokuomba ni kimoja, usikae peke yako na jambo hili.

Mdogo wako

18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Siku kumi na mbili bila neno. Fundi viatu naye hapokei simu, nadhani umemfundisha. Kama umekasirika kwa sababu ya banda, futa banda. Andika hata mistari minne.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya ile barua nyingine pia. Mimi ni mzima. Neno hilo nimelisoma tena baada ya kuliandika, kwa jicho la kulia peke yake, na limekaa sawasawa kwenye mstari.

Nisamehe kimya. Barua yako ilinifikia tarehe 9, na asubuhi ya tarehe 10 nikapanda basi kwenda kliniki. Kungoja hadi tarehe 28 kungekuwa ni kukulazimisha wewe uyasikie maneno yale pamoja nami, na uso wako haufichi kitu. Halafu nikataka nikuandikie nikiwa naona ninachokiandika.

Daktari ni binti wa umri wa mwanao mkubwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja nne za kwa nini vipimo vya leo haviaminiki. Akanikalisha, kidevu juu ya kifaa, akapima hapa, akamulika pale, akaandika, akarudia. Nikamwambia, "Sema tu. Mama yangu alipofuka kwa presha ya macho."

"Presha yako ni kumi na nne kulia na kumi na tano kushoto, mama."

"Ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo kusema nzuri. Na mshipa wa nyuma ya jicho ni mzima."

"Rudia kupima."

"Nimepima mara tatu."

"Basi mbona sioni?"

"Una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Amekomaa, nashangaa umefikaje hapa bila kushikwa mkono. Tutamtoa."

Nikamwambia haiwezekani iwe rahisi hivyo. Nikaanza hoja ya kwanza. Akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akasema, "Mama, unabishana nami ili uwe mgonjwa zaidi?"

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nikalia mbele ya watu kama sita, na mmoja akanipa leso akidhani nimeambiwa baya. Tangu nijue kusoma sijawahi kushindwa hoja kwa raha namna ile.

Jicho la kulia walilifanyia upasuaji tarehe 17. Dakika ishirini. Kesho yake wakatoa bandeji, na nikaona shati la mtu aliyekaa mbele yangu ni la buluu. Buluu yenyewe, siyo ile ya kijivu niliyoizoea. Nilimtazama hadi akahama kiti. Nyumbani nimegundua kwamba ukuta wa jikoni ni mchafu, kwamba fundi viatu ana mvi, na kwamba mimi mwenyewe nina uso wa shangazi yetu mkubwa, jambo ambalo mngepaswa kuniambia. Halafu nikaingia gereji na kuziwasha zote kumi na mbili. Ilinibidi nizime nusu. Makala ya kuwaomba radhi wenye viwanda vya balbu inatoka Jumapili. Ni fupi, sijazoea.

Jicho la kushoto ni mwezi wa sita. Funguo zitabaki kwa fundi viatu hadi daktari atakaposema, na mashine ya kumi na tatu, iliyoko kilomita mia tatu tu, nitaifuata na mwenye saluni na mumewe. Yeye ataendesha. Tumekubaliana nisimrekebishe.

Jumamosi uje hata hivyo, lakini usije mikono mitupu. Daktari aliniuliza, "Mama yenu alizaa wangapi?" Nikasema watatu. "Wangapi wamepimwa?" Nikasema mmoja, leo. Akaweka kalamu chini. Akasema mimi kuokoka hakumaanishi ninyi mmeokoka, kwamba presha ya macho haiumi wala haipigi hodi, na kwamba mtoto wa jicho nilimwona mwenyewe kwenye taa zangu, lakini ile nyingine hutaiona kwenye taa yoyote hadi iwe imechukua chake. Umekaa kiti cha mwalimu miaka kumi na tisa, ukiniandikia kurasa kuhusu macho yangu, na ya kwako hujampa mtu ayatazame tangu tumzike Mama. Kaka mkubwa naye, anayetaka tusichokozane, ana miaka sitini.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wawili, wewe na yeye, na barua hii naituma kwa basi la usiku, ikikufikia kesho umsomee kabla hajala. Nendeni mkapimwe wiki hii. Kila mmoja aniletee karatasi ya daktari yenye namba mbili, ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto. Sitaki maelezo na sitaki salamu. Atakayefika mlangoni kwangu Jumamosi bila namba hizo, sitamfungulia.

Dada yenu