Vitabu vya Athanasi

Jumanne, 2 Julai 2024

Mzee Rweyemamu, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, kaingia leo na viatu vya matope mpaka mezani kwangu. Habari njema, anasema. Tumepata mfadhili! Bwana Dastan, mzaliwa wa huku, sasa ana biashara zake Mwanza. Analeta maboksi ya vitabu. Jumamosi ya tarehe 13 anakuja mwenyewe kukabidhi, pamoja na wapiga picha.

Nikafurahi. Kwa nini nisifurahi? Rafu tunazo, vitabu hatuna.

Halafu akanyoosha fimbo kwenye rafu ya mbele. Pale paachwe wazi, anasema, vya mgeni vikae pale.

Pale ndipo vilipo vitabu vya Athanasi! Ishirini na saba. Marehemu Athanasi alikuwa kibarua, alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akalima vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya watu maisha yake yote. Alijifunza kusoma ukubwani. Kila kitabu alichopata alikiandika pembeni — mvua ilinyesha lini, mgomba upi ulinyauka, alifanya nini. Alipofariki, mkewe, Mama Mukantabana, alivibeba kichwani, akaja kwa miguu kutoka Nyakatuntu, akavitoa hapa. Hakutaka hata picha. Na ndivyo vinavyosomwa kuliko vyote! Wakulima wanakuja na magamba ya matope miguuni kutafuta yale maandishi ya pembeni.

Nikamwambia hayo yote. Mzee akacheka. Vitabu vya kibarua vitakaaje mbele ya mgeni, anasema, tena vina madoa ya ndizi.

Madoa ya ndizi! Kagera hii!

Ameniahidi vitakaa stoo wiki mbili tu. Nimevipeleka mwenyewe, nimevifunika turubai.

Ijumaa, 5 Julai

Maboksi yamefika. Arobaini. Nimefungua kumi na mbili nikaacha kwa hasira.

Vitabu vya namba za simu vya mji fulani wa Ulaya. Mwongozo wa kutengeneza mashine ya kupiga chapa. Sheria za kodi kwa lugha ambayo hata Padri hakuitambua — nimemwonyesha, kageuza juu chini. Shajara tupu za mwaka 2011. Chini kabisa ya boksi moja, hadithi za watoto kumi na moja. Hizo nzuri. Nimezikumbatia kama mwehu.

Nimempigia Mzee Rweyemamu. Nikamwambia, huu si msaada, tumetupiwa taka. Jibu lake nimelikumbuka neno kwa neno: "Deodatha, kitabu ni kitabu. Mgeni atapiga picha migongo yake, hatavisoma."

Na watakaokuja Jumatatu je? Wao watasoma nini — namba za simu?

Jumatatu, 8 Julai

Stoo ni tupu. Turubai limekunjwa vizuri pembeni. Vitabu hakuna!

Simu ya Mzee haipatikani. Yusto mlinzi anasema hajui kitu, huku anaangalia viatu vyake.

Jumatano, 10 Julai

Leo gulio. Nilikwenda kutafuta sabuni, nikanunua karanga kwa Adela, yule anayekaa karibu na mashine ya kusaga. Kanifungia kwenye karatasi. Nimetembea hatua kumi, natafuna, naangalia karatasi.

Mwandiko wa Athanasi.

"Machi 2009. Nimekata migomba saba. Panga nimelichoma moto kila nikikata. Ua dume ondoa kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu."

Karanga zilimwagika zote. Nikarudi mbio. Adela maskini alidhani kaniuzia zilizooza! Nikamwonyesha. Akashika mdomo. Kumbe kibanja chake mwenyewe kilipona mnyauko kwa maneno yaya haya, alisomewa pale pale maktaba — yeye hajui kusoma. Alijua anafungia karanga tu.

Amenipa kifurushi chote kilichobaki. Tukazunguka wote gulio zima, yeye mbele anafoka kuliko mimi, kwa muuza dagaa, kwa muuza maandazi. Tumepata majalada manne na kurasa kama sitini. Nyingine zina mafuta, zinaangaza hadi unaona upande wa pili.

Nimembana Yusto. Safari hii kasema. Mzee alimwambia asafishe stoo, mgeni asije akafungua mlango akaona uchafu. Karatasi atajua mwenyewe pa kuzipeleka. Naye akawauzia wafungaji wa gulioni.

Uchafu!

Nina hasira na Mzee. Nina hasira na Yusto. Lakini ni nani aliyevitoa rafuni kwa mikono yake? Mimi. Niliogopa kubishana na mwenyekiti kwa mara ya pili, ndiyo kweli yenyewe.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda Nyakatuntu. Mama Mukantabana alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Nikampa shikamoo. Kaniletea kigoda. Nikaona afadhali nisikae.

Nimemwambia kila kitu nikiwa nimesimama.

Hakulia. Aliendelea kugeuza kahawa, nikatamani anitukane. Kisha akauliza ni kurasa zipi zimebaki. Nikazitoa mkobani. Akasema, "Soma, mwanangu."

Nikasoma. Mvua, migomba, mbuzi aliyekufa. Kwenye ukurasa mmoja Athanasi ameandika: "Leo M. ameugua. Sikwenda kibarua." Basi, hayo tu. Mama akanisimamisha. Nirudie. Nikarudia. Mwaka gani huo, anauliza. Nikamwambia 2003. Akasema siku ile mwenye shamba alimfukuza Athanasi kazi, na yeye hakumwambia mkewe sababu. Alimwambia tu kazi imekwisha.

Miaka ishirini na moja! Na ukurasa ule nimeutoa kwenye dagaa.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Kasema, "Jumamosi nitakuja."

Ijumaa, 12 Julai

Mzee amejitokeza. Ananiletea risala ya shukrani, imechapwa tayari, nitaisoma mimi. Mstari wa pili: "Kabla ya msaada huu, maktaba yetu haikuwa na kitabu chochote cha maana."

Nimemuuliza vitabu vya Athanasi viko wapi. Ati nisianze. Ati mgeni akikasirika wilaya nzima itakosa, na kosa litakuwa la Deodatha. Ati yule mama si wa hapa.

Si wa hapa! Kazika mume hapa, kazaa hapa. Mzee mwenyewe migomba yake ilipona kwa kijiti cha Athanasi, nilimsomea mimi!

Jumamosi, 13 Julai

Naandika nimesimama nyuma ya rafu. Wanapiga picha kwanza. Migongo ya vitabu inang'aa kweli.

Mama Mukantabana alifika saa tatu, kitenge kipya, kakaa mstari wa mbele. Adela kando yake. Mke wa Mzee kamwambia asogee nyuma. Hakusogea.

Bwana Dastan si kama nilivyomfikiria. Mpole, anaona haya mbele ya kamera. Alipomfikia Mama akainama, "Shikamoo mama." Akamuuliza Mzee huyu ni nani. Mzee: ni mama wa huku tu, kaja kushukuru.

"Hapana, baba," Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi pia niliwahi kutoa vitabu hapa. Vya mume wangu. Nimekuja kuviona."

Bwana Dastan akafurahi sana. "Vizuri! Tukimaliza picha tutaviona pamoja."

Risala ninayo mfukoni. Zile kurasa sitini ziko mezani kwangu, nimezibana kwa kamba ya mgomba.

Picha zimekwisha. Anageuka huku na huku. "Dada mkutubi yuko wapi? Atuonyeshe vya mama."

Mzee Rweyemamu ameniona nilipo. Anatikisa kichwa, polepole, mgeni asitambue. Mama keshasimama, ameshika mkono wa Bwana Dastan, na wanakuja huku. Risala inabaki mfukoni; naenda mezani kuzichukua zile kurasa.