Chumvi ya Pakiti

Baba watoto,

Nimekwenda sokoni. Ukirudi kutoka kwenye cherehani, maharage yapo jikoni, hayana chumvi. ~~Yakikushinda ongeza kidogo tu~~ Usiongeze kitu! Kamulia ndimu. Ndizi mbili za kwenye kapu ni zako. Nesi kasema figo zako ni nzima, kwa hiyo potasiamu ya matunda na mboga itusaidie kuivuta presha chini. Na vidonge vya presha sasa ni vitatu, sio viwili.

Nisamehe ya asubuhi kule kliniki. Presha ilipogoma tena kushuka, nikakushtaki kwa nesi kwamba unalamba chumvi kwa siri. Ukanitazama, ukateremsha mkono wa shati.

Niliporudi nikavaa miwani yako ya kushonea, nikasoma pakiti ya ule unga wa mchuzi ninaotia kwenye mboga ili usile chakula chapwa. Neno la kwanza: chumvi. Kumbe mwizi ni mimi! Na wewe, fundi wa nguo mzima, hukujua kuwa kikulacho ki nguoni mwako?

Au ulijua? Ulijua, mume wangu. Ndiyo maana kila ukimaliza kula unakunywa maji jagi zima, huku unausifia mchuzi.

Pakiti zote nimetupa. Siku nyingine nikikosea, sukuma sahani, nitanuna kidogo yataisha. Nataka ule chumvi nyingi, lakini ya miaka, si ya mkono wangu.

Mama watoto