Marvin Anaomba, Msimkatize

Jumatatu, 7 Julai 2025

Haya. Mjukuu wangu Whitney amenionyesha pa kubonyeza – mimi nasema, simu inaandika, tarehe inajiweka yenyewe. Kusoma sijui, kwa hivyo siri zangu hata mimi sitaziona. Afadhali.

Leo tena nyumba haikuomba. Bando la simu limeisha! Easter, mke wa mwanangu Jefwa, amewawekea watoto sala kwenye simu. Kuna mwanamke humo anaomba kwa sauti ya puani, watoto wamefunga macho, mwisho anajiitikia amina mwenyewe. Nikauliza, na hawa watasema lini? Ati mama, imani ya watoto siku hizi ina wataalamu. Wataalamu! Mimi mamangu alinifundisha kuomba tukikuna nazi. Nazi za siku hizo zilikuwa nazi, si hizi za Junju za sasa, maji matupu – nilikuwa nasema nini?

Jumatano, 9 Julai

Nimemfundisha Marvin, mdogo wake Whitney, mimi mwenyewe. Miaka saba, mdomo haupumziki, kutwa anaambiwa nyamaza. Nikamwambia funga macho, mwambie Mungu yaliyo moyoni. Akauliza, hawe – ndivyo anavyoniita mimi bibi yake – na mama akininyamazisha? Nikasema mtu akiomba hakatizwi, hata na chifu.

Lo! Jioni kuitwa akaoge, kafunga macho. Kamuombea paka wa jirani. Kaombea kuku mmoja mmoja, kwa rangi zao. Jefwa kasimama na taulo, kichwa chini, maji yanapoa. Radhia wa ng'ambo ya ua kapaza sauti: mtoto wenu kashika dini, mashallah!

Ijumaa, 11 Julai

Kumbe kuna jambo. Jumapili alasiri mchungaji anakuja na watu wa ushirika. Anatafuta mkuu wa shule ya Jumapili, na Easter anakitaka hicho cheo kama mja mzito anavyotaka udongo. Bibilia imetolewa chini ya televisheni, ikapanguswa. Wameshonewa nguo za kitambaa kimoja wote, mpaka mimi.

Kisha akaniambia, mama, watoto wakiniaibisha ni wewe na sala zako. Hutakaa nao jioni tena.

Hilo limenikaa hapa kifuani. Mchana wako shule, mimi nazungumza na mbuzi. Jioni ndiyo nina watu.

Nikamwita Marvin. Jumapili omba kifupi, baba. Chakula, wageni, amina. Akaniangalia. Na yaliyo moyoni, hawe? Nikamwambia hayo tutayasema siku nyingine. Mimi huyu!

Jumapili, 13 Julai

Nanong'ona. Niko mlangoni pa jikoni, simu ndani ya leso. Wanadhani nami naomba.

Easter alimsukuma Whitney mbele. Mchungaji akasema hapana, huyu mdogo atuombee chakula. Marvin akaanza vizuri – pilau, wageni. Nikajua tumepona.

Halafu: asante Mungu kwa kutupeleka beach Kuruwitu Jumapili zile mama anamwambia mchungaji tumesali Mtwapa.

Easter kakohoa. Kakohoa tena! Mchungaji, macho kayafumba, akasema kwa upole: mwacheni mtoto aongee na Babake.

Naye anaongea! Ati Mungu asimkasirikie mama, amesema akipewa cheo atakuja kanisani kila wiki. Ati baba aache kulala kwenye kochi, arudi chumbani, maana wakigombana kwa kunong'ona Whitney hujifunika mto.

Sasa hakuna anayekohoa. Pilau linapoa. Jefwa anajifuta uso na kitambaa cha meza. Easter kaja kwa ncha za vidole, kanishika bega – mama, sema amina, tafadhali. Si amri. Tafadhali. Nikisema, labda jioni zangu zitabaki.

Sijasema.

Marvin kavuta pumzi. Na mchungaji naye, Mungu, siku ile nyuma ya kanisa –

Amina! Mchungaji huyo! Kwa nguvu, mpaka sufuria imelia. Wote amina, amina, vijiko vinagongana.

Marvin hajafumbua macho. Kasimama pale pale, mikono kaishikamanisha, midomo imeachama. Ananiita. Hawe, si ulisema hakatizwi?

Wamegeuka wote. Mchungaji kashika kijiko, hali. Easter bado ana mkono begani kwangu, ananibana –