Dakika Kumi na Nne za Muuguzi

Bweni la Wasichana,
Chumba Na. 27,
S.L.P. 640.

Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na hilo goti lako lililogombana na ngazi linaendeleaje? Baba anasema umeanza kutembea ila fimbo huitaki, eti fimbo ni ya wazee. Nakuombea upone upesi, lakini fimbo ichukue. Mimi mwili mzima, ninakula na ninalala. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimekaa wiki tatu bila kuijibu barua yako.

Uliniuliza kongamano lilikwendaje. Ukasema umewatangazia majirani wote kwamba mtoto wa kaka yako anaendesha mkutano wa maprofesa. Shangazi, sikuendesha kitu. Nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nilipanga viti, nilibadilisha betri za vipaza sauti, na nilitoboa vitambulisho mia mbili vya kuvaa shingoni. Kwa kuwa nilivitoboa upande wa chini, siku ya kwanza wageni wote walisomeka miguu juu. Walicheka, nami nikacheka. Kama aibu yangu ingekuwa hiyo tu, ningekuandikia siku ileile.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuwapigia simu watoa mada kabla hawajaja. Mmoja wao alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ndogo ya mbali, mama wa makamo ambaye hakuwahi kusimama mbele ya wasomi. Kwa miaka sita alikuwa akiandika kwenye daftari muda ambao kila mama mwenye uchungu hukaa getini akiandikishwa kabla ya kuruhusiwa kuingia wodini, na hali ya mtoto anapozaliwa. Tulizungumza mara nne. Mara ya mwisho alitaka kughairi. "Mwanangu, mimi huko nitaonekana kituko," akasema. Nikamwambia, "Njoo, mama. Dakika ishirini ni zako, na mtunza muda ni mimi. Hakuna atakayezigusa." Akaja, safari ya siku mbili.

Kikao chao kilikuwa na watoa mada wanne, na yeye ndiye wa mwisho. Nilikaa mstari wa mbele na kadi zangu mbili: ya njano, yaani zimebaki dakika tano, na nyekundu, yaani muda umekwisha. Wawili wa kwanza walikwenda vizuri. Wa tatu alikuwa Profesa, yule anayenisimamia mafunzo, ambaye barua yake ya kunipendekeza ndiyo niliyokuwa nikiitegemea ili niendelee na masomo. Nilipoinua nyekundu alinitazama akatabasamu. "Binti, weka chini hiyo, watu wananisikiliza." Ukumbi mzima ukacheka. Nikaiweka chini, tena nikaikalia. Mimi huyu, mliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, nilikaa kimya kama maji mtungini kwa dakika kumi na nne.

Mwenyekiti wa kikao naye alikuwa ameinamia simu yake. Muuguzi alipofika mbele zilikuwa zimebaki dakika sita, na wapishi walikwisha kufungua mlango wa chumba cha chakula. Alianza taratibu. Akashukuru, akaeleza ile meza ya getini ilivyo na foleni yake. Kisha akafunua ukurasa, akasema, "Na tulichokigundua..." Mwenyekiti akanigeukia, akagonga saa yake kwa kidole, nami nikainua kadi nyekundu. Kwa mama huyu mkono wangu haukuwa mzito hata kidogo. Aliitazama kadi, akanitazama mimi, akakunja karatasi zake. "Asanteni kwa muda wenu," akasema.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini mtunza muda hujaza fomu ya dakika alizotumia kila mtu, na aliyetakiwa kuitia sahihi fomu yangu ni Profesa. Niliandika ishirini, ishirini, ishirini, ishirini. Akaisoma, akanipiga begani. "Wewe unaijua kazi." Na nikafurahi, Shangazi. Nisikufiche, nilifurahi mpaka jioni.

Wiki iliyofuata kamati ilichagua mada za kuingia katika kitabu cha kongamano. Kanuni yao ni kwamba mtu akipewa muda wake wote na asifike kwenye matokeo, mada yake inaachwa. Orodha nikapewa mimi niichape. Mbele ya jina la muuguzi nikachapa kwa vidole vyangu hivi: "Alipewa muda kamili, hakufikia matokeo." Hapo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe hupenda kusema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilimnyonga, na haki yake nikampa Profesa.

Nimejaribu kujitetea kwamba mimi ni mwanafunzi tu, ningefanya nini mbele ya watu wazima wale. Ukumbini labda. Lakini mkono ulioandika ishirini hakuna aliyeushika.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwa katibu wa kamati, nikamwambia fomu yangu ni ya uongo. Nikajaza nyingine: ishirini, ishirini, thelathini na nne, sita. Aliniuliza mara mbili kama najua ninachokifanya. Akasema atalifikisha jambo hili kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, ila haniahidi kitu. Tangu hapo Profesa ananipita mlangoni kama anaupita ukuta. Barua yake sijaipata, wala siiulizii.

Likabaki la kumwambia muuguzi mwenyewe. Nilizunguka na simu siku tatu, nikampigia jana mchana. Hata salamu hazijaisha vizuri, akaanza yeye kuniomba radhi.

"Mwanangu, nimekuaibisha. Kamati wameniandikia kwamba nilipewa muda wote nikashindwa kufika. Tangu nirudi nafanya mazoezi hapa jikoni. Mume wangu anashika saa, zikiisha ananiinulia mwiko. Na jikoni namaliza kwa dakika kumi na nane! Sasa huko sijui zangu nilizipotezea wapi."

Nikamwambia, "Hukuzipoteza, mama. Zilichukuliwa, na mimi nilikuwa nazitazama." Nikamweleza yote, na fomu nikamweleza.

Nikamsikia ameisogeza simu pembeni, anamwambia mumewe, "Umesikia? Kumbe siongei polepole." Aliporudi kwangu alisema tu, "Haya, mwanangu," akakata. Hakunitukana, Shangazi, wala hakusema amenisamehe.

Nisalimie mumeo Fundi, na pacha, na Bibi Mkubwa. Wabusu wote kwa niaba yangu. Mungu akulinde, akupe afya na miguu ya kutembelea. Nami niombee, si nipate barua, bali siku nyingine nikipewa kuushika muda wa mtu niushike kweli.

Ni mimi nikupendaye, ingawa kwa sasa naona haya kukutazama usoni,

Mtoto wa kaka yako