Mzee wa Kanisa na Mfalme wa Shairi la Wagiriki

Homa Bay, 16 Septemba 2024

Tata mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo, na goti je? Mimi sijambo, ila mbu wa ziwani wananimaliza.

Hatujaongea tangu Krismasi, ulipokataa zawadi yangu ukisema nyumba ya mzee wa kanisa haiwezi kula mshahara wa miungu ya Wagiriki. Barua hii nimempa dada Damaris akirudi na samaki wake wa kuuza Migori. Yeye hutamfungia mlango.

Acha nikueleze ninachofundisha. Niliwasomea wanafunzi wangu wa chuo shairi la kale la Wagiriki, wakalala. Mkuu wa idara, Dkt. Omanga, akachungulia dirishani, akaniambia somo likiendelea hivi atalifuta mwisho wa muhula. Siku iliyofuata nikafunga vitabu. Nikawaambia, "Simameni. Mtaigiza."

Shairi lenyewe linasimulia mfalme mzee ambaye mwanawe ameuawa vitani, na aliyemuua amekataa kuutoa mwili. Mzee anakwenda mwenyewe kambini kwa adui, anapiga magoti, anaibusu mikono iliyomuua mwanawe, anaomba akazike. Mzee ni Clifford, kijana mrefu wa Rusinga anayecheka kila akipiga magoti. Shujaa katili ni Jedidah, ambaye hanifiki begani. Ni vurugu tupu, lakini hakuna anayelala.

Wagiriki waliimba mashairi hayo kwa kinanda cha nyuzi kinachofanana sana na litungu. Lako linaning'inia ukutani tangu ulipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Naomba uniazime.

Binti yako,
Rael


Kehancha, 2 Oktoba 2024

Binti yangu Rael,

Salamu zako zimefika. Goti linauma asubuhi tu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mungu ni mwema. Nasema Mungu, mmoja.

Litungu si jembe la kuazimana. Na wazee wenzangu wakisikia limekwenda kuimbia miungu, nitawaambia nini? Hapana.

Lakini barua yako imenitoa raha huku shambani. Huyo kijana anacheka kwa sababu hajui anachoomba. Sikuwahi kukusimulia hili. Babu yako alilifanya. Ndugu yake aliuawa wakati wa kuibiana ng'ombe na ukoo wa ng'ambo ya mto, mwili ukabaki huko. Nilikuwa mdogo. Nikamwona baba anaacha mkuki na rungu mlangoni, anaondoka mikono mitupu. Mama alianza kumlilia kama maiti. Akarudi jioni, na vijana wanne wa ukoo ule wakiwa wamebeba machela. Alituambia walimkalisha, wakampa maziwa, akanywa.

"Kuomba kulikuwa rahisi," alisema. "Kunywa yale maziwa ndiko kulikokuwa kazi."

Mwambie kijana hivyo. Litungu linabaki hapa.

Baba yako


Homa Bay, 28 Oktoba 2024

Tata wangu,

Salamu, na hongera kwa ndama. Huku mvua imetushika lakini tu wazima.

Nisamehe, barua yako niliisoma darasani. Clifford hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, na kweli akayamaliza hayo maziwa?" Unajua, Tata, hata kwenye shairi adui anamchinjia mzee kondoo, wanakula pamoja. Kipande hicho tulikuwa tumekiruka tukiona ni chakula tu. Sasa kimerudi, na wanafunzi wameamua kiwe kikombe cha maziwa.

Jedidah naye amekataa kusimama juu ya kreti ya soda. Anasema atakuwa mrefu kwa sauti.

Tutaigiza Ijumaa, tarehe 22 Novemba, saa tisa mchana, uwanjani karibu na soko la samaki. Dkt. Omanga atakuja kuamua kama somo litabaki. Litungu sikuombi tena. Nakuomba wewe. Njoo ukae tu.

Rael wako


Kehancha, 25 Novemba 2024

Binti yangu,

Natumaini hujambo. Mimi mzima, mgongo tu kwa safari.

Najua umenuna kwamba niliondoka watu wakipiga makofi, hata hatujasalimiana. Ngoja nikueleze.

Nilikuja kukaa tu, kama ulivyosema. Litungu nililifunga kwa blanketi nikamwambia Damaris nalipeleka kwa fundi. Akanicheka garini hadi Rongo.

Niliketi kati ya akina mama wanaouza dagaa wa omena. Jedidah alipotokea akinguruma, jirani yangu akashika kichwa. "Yawa! Haka kasichana ni kakali!" Halafu Clifford akapiga magoti, polepole, mkono mmoja chini, kama mtu mwenye goti langu. Akaibusu mikono ya Jedidah. Hapo maneno yakampotea yule binti. Niliona mdomo wake unayatafuta. Dkt. Omanga wako akatazama saa.

Rael, sijui blanketi lilifunguka vipi. Nilipiga ule wimbo tuliomwimbia babu yako siku alipoleta mwili, na nikaimba kwa Kikuria chetu. Jedidah akageuza kichwa akasikiliza. Akachukua kikombe, akampa Clifford kwa mikono miwili. Clifford akanywa machozi yakimtoka. Jirani yangu akaanza kuitikia, wenzake wakaingia, Wajaluo wale, wimbo wasioujua hata neno, na wakauitikia vizuri kuliko watu wa kwetu! Watoto wakacheza. Hata mimi nilisimama.

Nikaiogopa furaha yangu mwenyewe. Ndiyo maana niliondoka.

Sasa video iliyopigwa pale uwanjani imefika huku. Mchungaji ameiona. Wazee wananiita Jumapili baada ya ibada. Niombee.

Baba yako


Homa Bay, 4 Desemba 2024

Tata,

Unaendeleaje? Nimekaa roho juu tangu Jumapili.

Dkt. Omanga alinifuata baada ya onyesho. Nikajua kwisha. Akaniuliza, "Muhula ujao mtaigiza nini?" Somo limebaki, Tata! Wanaotaka kujiunga ni wengi hadi nimeomba ukumbi mkubwa. Na akina mama wa omena wanaulizia "mzee wetu" kila siku.

Lakini kama wamekuvua uzee wa kanisa kwa ajili yangu, nieleze bila kuficha. Nitakuja niongee nao mwenyewe.

Rael


Kehancha, 9 Desemba 2024

Rael mwanangu,

Salamu kutoka nyumba iliyojaa watu. Ndiyo maana sikukuandikia mara tu baada ya Jumapili ile.

Mchungaji aliniuliza mbele ya wote, "Mzee Matiko, kule ziwani ulikuwa unaimbia miungu gani?"

Nikasema, "Nilimwimbia baba yangu." Nikawasimulia yote, mpaka maziwa.

Mzee Nyamhanga akasimama. Unamjua, ni wa ng'ambo ya mto, tumehudumu pamoja miaka mingi. Nikadhani ataninyooshea kidole. Akasema, "Maziwa hayo aliyakamua mama yangu. Alituambia habari za mgeni huyo hadi anakufa. Sisi watoto hatukujua kwamba ni baba yako." Akaja akanikumbatia, kofia yangu ikaanguka. Mchungaji akatuma mtu nyumbani kwangu akalete litungu.

Sasa Nyamhanga yuko hapa kila alasiri kujifunza kuitikia. Sauti yake ni mbaya, Rael, ni mbaya kweli, lakini hachoki.

Tarehe 22 koo zote mbili zitakutana uwanjani mwa kanisa. Tunawataka Wagiriki wako wote. Clifford atalala kwangu. Jedidah atalala kwa Nyamhanga. Mkewe ameshamtandikia, anataka kumwona huyo shujaa.

Msibebe chakula. Tumechagua ng'ombe wawili, mmoja kutoka kila upande wa mto.

Baba yako